Simu Inapogeuka Modemu ya Kompyuta

Simu janja yenye data inaweza kuiingiza kompyuta mpakato kwenye intaneti bila kifaa kingine chochote. Kompyuta haihitaji laini yake, haihitaji ruta wala waya wa mtandao ukutani. Huazima njia ya simu. Mitaani kitendo hiki huitwa kuwasha hotspoti, na mwenye shida humwomba mwenzake amrushie hotspoti hata pale ambapo kinachotumika mwishowe ni waya wa chaja. Jina linalokaa karibu zaidi na ukweli ni kusambaza mtandao, kwa sababu simu haiipi kompyuta intaneti nyingine. Inagawa ileile iliyokwisha kununuliwa, kutoka kwenye bando lilelile.

Modemu kwa asili ni kifaa cha kuvika na kuvua. Huivika data mawimbi ili isafiri, na huivua mawimbi hayo inapofika. Modemu za simu za mezani zilifanya hivyo kwa milio iliyosikika kama panzi waliofungiwa koponi, na hata kizazi chao cha mwisho kiliishia kwenye kilobiti 56 kwa sekunde. Ndani ya simu ya leo imo chipu inayofanya kazi hiyohiyo kwa mawimbi ya mnara, kwa kasi inayoweza kuwa mamia ya mara zaidi.

Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Mnara huipa simu anwani ya intaneti ya kutumia, na kompyuta haimo katika hesabu ya mnara. Simu hulazimika kuigawia kompyuta anwani ya ndani, kisha kila ombi linalotoka kwenye kompyuta hulibadilishia bahasha: huifuta anwani ya kompyuta, huandika ya kwake, na jibu likirudi hukumbuka ni la nani. Waliokulia vijijini wanaujua utaratibu huu. Shule ilikuwa na sanduku moja la posta, barua za kijiji kizima zikaandikwa S.L.P. hiyo, na mwalimu ndiye aliyejua kila bahasha ni ya mlango upi. Kampuni nyingi za simu nazo huwaweka wateja wao wengi nyuma ya anwani moja kwa mtindo huohuo, kwa hiyo kompyuta inayotumia hotspoti mara nyingi hukaa nyuma ya masanduku mawili. Kwenda nje hakuna taabu. Taabu huja pale mtu wa nje anapotaka kuifikia kompyuta hiyo moja kwa moja, mathalani kutazama kamera iliyofungwa nyumbani au kuingia kwenye seva iliyowashwa humo. Bila msaada wa huduma ya kati, barua hiyo haina mlango wa kufikia.

Katika Afrika Mashariki, watu walianza kuziunganisha kompyuta na simu kabla simu hazijawa janja. Simu za Nokia zenye GPRS, huduma ya data ya wakati huo, ziliunganishwa kwa waya maalumu au kwa Bluetooth, kisha kompyuta ikaipigia intaneti namba *99# kana kwamba inampigia mtu. Kasi ilikuwa makumi machache ya kilobiti kwa sekunde, na picha moja ilishuka kwenye kioo mstari kwa mstari. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukiwa na vituo Mombasa na Dar es Salaam, na miaka iliyofuata ikawa miaka ya modemu za fleshi: kijiti cha plastiki chenye laini tumboni, kikichomekwa ubavuni mwa kompyuta. Ndipo neno modemu lilipoingia midomoni mwa wengi, na hadi leo likitajwa wapo wanaokiona kijiti hicho. Wakati huohuo simu zilikuwa zikijifunza kazi yake. iPhone ilipewa uwezo wa kusambaza mtandao kwa waya na kwa Bluetooth mwaka 2009, na kwa Wi-Fi mwaka 2011. Android 2.2, iliyotoka mwaka 2010, ilikuja na njia ya waya na ya Wi-Fi kwa pamoja. Baada ya hapo kijiti kilianza kukosa kazi.

Njia za kuunganisha zimebaki hizohizo tatu. Inayojulikana zaidi ni Wi-Fi. Mwenye simu huingia kwenye mipangilio, huwasha hotspoti, na kompyuta huiona simu kama inavyoiona ruta yoyote: jina la mtandao, nywila, basi. Faida yake kubwa husahaulika kwa kuwa imezoeleka mno: mahali pa kupata mtandao na mahali pa kufanyia kazi vinaweza kutenganishwa. Paa la mabati hurudisha mawimbi, na kuta nene za mawe huyadhoofisha, hivyo chumba kinaweza kuwa na mtandao hafifu hata kama mnara unaonekana kwa macho. Simu ikiwekwa dirishani upande wa mnara na kompyuta ikabaki mezani, kasi inaweza kuongezeka maradufu bila senti moja kutumika.

Simu nyingi za sasa hurusha Wi-Fi kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya kwanza hupenya kuta na kufika mbali, lakini hujaa upesi kwenye majengo yenye ruta nyingi. Ya pili ina kasi zaidi na hufifia haraka. Kompyuta za zamani huijua ya kwanza tu, na simu ikiwekwa kwenye ya pili, jina la hotspoti halitaonekana kabisa hata vifaa vikigusana. Wenye iPhone hukumbana na kero nyingine: simu huuficha mtandao wake ikiona hakuna aliyejiunga, kwa hiyo ukurasa wa hotspoti inafaa ubaki wazi mpaka kompyuta iingie.

Njia ya pili ni waya wa USB, na kwa kazi ya kukaa mezani ndiyo bora. Waya hauingiliwi na mawimbi ya jirani, jirani huyo hawezi kuuona mtandao, na simu huchajiwa wakati huohuo. Kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi kabisa, kama zile za kwenye steshenari nyingi, huingia intaneti kwa njia hii bila kununuliwa kifaa. Tena simu ya Android iliyojiunga na Wi-Fi ya mahali pengine inaweza kuipitisha Wi-Fi hiyo kwenye waya, ikawa sikio la kompyuta isiyo na sikio.

Kinachowakwamisha wengi ni waya wenyewe. Waya kamili wa kawaida una nyuzi za umeme na nyuzi za data; nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa kandokando ya vituo vya mabasi zina nyuzi za umeme peke yake. Simu itachaji vizuri tu, lakini kitufe cha kusambaza mtandao kupitia USB kitabaki kimefifia, hakibonyezeki, na mtu ataihesabu simu kuwa mbovu. Waya uliokuja na simu dukani humaliza ubishi. Upande wa kompyuta, Windows na Linux kwa kawaida huitambua simu ya Android zenyewe. Kompyuta za Mac zimekuwa zikizikataa simu nyingi za Android kwa njia ya waya, na mwenye Mac hurudi kwenye Wi-Fi. iPhone nayo ikichomekwa kwenye Windows huhitaji programu za Apple ziwemo kwanza.

Bluetooth ndiyo njia ya tatu, na hudharauliwa. Simu na kompyuta huoanishwa mara moja, kisha kompyuta huambiwa ijiunge na mtandao wa simu. Kasi yake halisi huzunguka megabiti 2 kwa sekunde au chini ya hapo. Haifai kwa video. Kwa barua pepe, maandishi na kazi za ofisini inatosha, na hula betri ya simu kidogo kuliko Wi-Fi. Udhaifu wake una manufaa mengine, yanayoonekana pale hesabu ya bando inapopigwa.

Kasi ya megabiti 10 kwa sekunde si kubwa. Mnara wa 4G wenye nafasi huitoa kwa urahisi. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, kasi hiyo ni sawa na megabaiti 1.25 kila sekunde, na gigabaiti 1 nzima inaweza kupita kwa dakika zisizofika 14. Kwa kasi ya Bluetooth, gigabaiti hiyohiyo itachukua zaidi ya saa moja. Bomba jembamba haliwezi kumwaga pipa kwa mpigo. Mwenye kifurushi kidogo na kazi ya maandishi ana sababu nzuri ya kuchagua njia ya polepole makusudi.

Hatari hiyo ya kumwagika inatoka kwenye kompyuta. Simu imetengenezwa ikijua kwamba data hununuliwa kwa kipimo: huzuia programu kujisasisha mpaka ipate Wi-Fi, hupewa kurasa nyepesi, hupunguza ubora wa video. Kompyuta mpakato imetengenezwa kwa dhana kwamba Wi-Fi ni ya nyumbani na haina mwisho. Inapojiunga na hotspoti huona Wi-Fi tu. Ni mgeni aliyekaribishwa mezani bila kuambiwa kuwa wali umepimwa kwa kikombe, na hula kama alivyozoea kula kwao. Windows huanza kushusha masasisho yake, ambayo ya kawaida hufika mamia ya megabaiti na yale makubwa hufika gigabaiti kadhaa. Huduma za kuhifadhi mafaili mtandaoni huanza kupandisha picha za wiki nzima. Kuna hata mpangilio wa Windows unaoruhusu kompyuta kuzigawia kompyuta nyingine za mbali vipande vya masasisho iliyoyapata, na vipande hivyo hupanda kwa bando la mwenye simu. Yote haya hutokea wakati mhusika anaandika barua ya kuomba kazi na anaamini hafanyi lolote la kula data.

Video ni mlango mwingine. Kioo kikubwa huomba picha kubwa, na tovuti za video zikiachiwa zichague zenyewe huipa kompyuta ubora ambao zisingeupa simu. Filamu ya ubora wa kawaida hula takribani gigabaiti 0.7 kwa saa. Ya ubora wa juu inaweza kufika gigabaiti 3. Kikao cha mtandaoni chenye watu wengi, kamera zikiwa wazi, kinaweza kuvuka gigabaiti 1 kwa saa, na kuzima kamera ndiko kunakopunguza zaidi kuliko hila nyingine yoyote.

Dawa ipo, na haichukui dakika moja. Katika mipangilio ya mtandao ya Windows 10 na 11, kila mtandao uliojiunga una swichi ya kuiambia kompyuta kwamba huu unalipiwa kwa kipimo. Ikiwashwa, masasisho mengi husubiri na huduma kadhaa hutulia. Matoleo ya karibuni ya macOS nayo yana hali ya kutumia data kidogo. Swichi hiyo hushika kwa mtandao mmoja mmoja: mwenye simu akibadilisha jina la hotspoti, kompyuta huuhesabu kuwa mtandao mgeni na ulafi unaanza upya. Kwa njia ya waya, baadhi ya simu hujitambulisha upya kila zinapochomekwa, hivyo inafaa kukagua kila mara. Huduma za kuhifadhi mafaili hufaa kusimamishwa kwa mkono, maana si zote zinazoiheshimu swichi hiyo.

Vifurushi navyo vina masharti yake. Kifurushi cha mitandao ya kijamii hufungua programu zilizotajwa tu, na kompyuta ikianza kuvuta vitu vingine, kinacholiwa ni bando jingine au salio. Kampuni ya simu ikitaka inaweza pia kujua kwamba nyuma ya simu kuna kompyuta. Kila pakiti ya data hubeba namba inayopungua moja kila inapopita kwenye kifaa cha kuelekeza njia. Android na iPhone huanzia 64, Windows 128. Pakiti iliyotoka kwenye simu yenyewe hufika mnarani ikiwa na 64. Iliyotoka kwenye Windows na kupitia simu hufika na 127, iliyotoka kwenye Mac hufika na 63. Alama hiyo ndogo humtaja aliyejificha nyuma ya mwenyeji. Nchini Marekani, kampuni zimekuwa zikitoza ada ya pembeni kwa ajili ya hotspoti, na Julai 2012 Verizon Wireless ilikubali kulipa dola milioni 1.25 kumaliza uchunguzi wa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo kuhusu programu za kusambaza mtandao zilizozuiwa. Anayenunua kifurushi kisicho na kikomo afadhali asome sharti linalohusu hotspoti kabla ya kulipa.

Kuhusu usalama, nywila ndiyo kila kitu. Hotspoti iliyoachwa wazi sokoni au kwenye bweni la chuo itapata wageni ndani ya dakika chache, na bando litakwisha bila mwenyewe kujua. Nywila isipungue herufi 8, isiwe namba ya simu ya mhusika, na aina ya ulinzi iwe WPA2 au WPA3. Jina la hotspoti nalo halina haja ya kumtaja mwenye simu kwa jina lake na la baba yake. Nchini Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na kinachofanywa kupitia hotspoti huonekana kwa mtandao kama kimefanywa na laini hiyo. Kumrushia mtu asiyejulikana ni kumwazimisha jina. Jambo moja huwaponyoka hata wajuzi: VPN, programu ya kuficha mawasiliano, iliyowashwa kwenye simu kwa kawaida haiifuniki kompyuta iliyojiunga. Kompyuta inahitaji ya kwake.

Simu inayorusha hotspoti hufanya kazi mbili nzito kwa pamoja, kuzungumza na mnara na kuzungumza na kompyuta, na zote hutoa joto. Ikizidi kupata moto hupunguza kasi yenyewe ili ijiokoe, na mtumiaji huulaumu mtandao. Mahali pabaya kabisa pa kuiweka ni chini ya mto, ndani ya mkoba uliofungwa, au juu ya kibodi karibu na matundu yanayotolea hewa moto ya kompyuta. Kwa waya, tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa umeme mdogo, miliampea 500, ambao mara nyingi hutosha kuizuia betri ya simu isishuke, si kuijaza. Umeme ukikatika, hata hivyo, mpangilio huu huonyesha ubora wake. Ruta ya ukutani huzimika papo hapo, ilhali simu na kompyuta zina betri zao, na minara mingi ina betri au jenereta. Wakati huo waya hufaa kuchomolewa na Wi-Fi kushika nafasi yake, kwani simu itakuwa inainyonya betri ya kompyuta. Pawabenki ibebe mzigo wa simu.

Mtandao unapogoma, swali la kwanza ni kama simu yenyewe inafungua ukurasa. Isipofungua, kompyuta haina kosa: bando limekwisha, mnara umeelemewa, au tatizo liko mbali zaidi, kama Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za ukanda huu. Vijiti vya mtandao juu ya kioo hupima nguvu ya mawimbi tu, havisemi ni watu wangapi wanaougombania mnara, ndiyo maana saa za jioni vinaweza kujaa huku ukurasa ukisuasua. Kuweka simu kwenye hali ya ndege kwa sekunde 10 na kuitoa huilazimisha ijiunge upya, na mara kadhaa hiyo hutosha.

Simu ikifungua na kompyuta isifungue, uchunguzi huhamia chumbani. Kompyuta kuukuu iliyokaa siku nyingi bila umeme inaweza kurudisha saa yake miaka nyuma, na tovuti zenye ulinzi huikataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama huonekana bado havijaanza kazi. Kurekebisha tarehe hurudisha kila kitu. Diski ya nje ya USB 3 iliyolazwa kando ya simu huweza kuvuruga Wi-Fi ya gigahezi 2.4, kuisogeza kunaponya. Na intaneti inayokatika kila simu inapoita ina maelezo yake: simu isiyo na huduma ya kupiga kupitia 4G hushuka kwenye 3G au 2G ili ipokee mazungumzo, na data hudorora au husimama. Kwenye simu ya laini mbili, mazungumzo kwenye laini moja mara nyingi huisimamisha data ya nyingine mpaka simu ikatwe. Mwenye kikao muhimu huwaomba watu wampigie kwa namba iliyo kwenye simu tofauti.

Hilo ndilo huwapeleka wengi kwenye suluhisho la simu kuukuu. Simu ya 4G iliyopasuka kioo, isiyofaa tena kutembea nayo, bado ina modemu nzima ndani yake. Huwekewa laini ya data peke yake, hufutwa programu zote zisizo za lazima, hukaa dirishani na kuwa modemu ya nyumba. Huweza kuhudumia kompyuta mbili tatu bila taabu. Wakiwa watu wengi, au mtandao ukihitajika usiku na mchana, ruta ya laini hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na haichoki kwa joto. Simu iliyofungwa kwenye chaja muda wote huumiza betri, kwa hiyo ni vyema ichomolewe kazi inapokwisha. Kioo kikianza kuinuka pembeni au mgongo ukavimba, betri imeharibika, na simu hiyo haifai tena hata kwa kazi ya dirishani.